Mkunga afundishwe kumuuliza mama pia: barua ya wazi kwa wakuu wa afya Mombasa

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa. Kwa wajumbe wa Kamati ya Afya katika Bunge la Kaunti. Na kwa wakuu wa vyuo vinavyofundisha uuguzi na ukunga hapa petu.

Waheshimiwa,

Nawasalimu. Mimi ni mkunga, kazi yangu ni kliniki ya wajawazito na wodi ya uzazi upande wa Kisauni. Jina langu naomba nilizuie, sababu mwazijua.

Nawaandikia juu ya afya ya akili ya mama, akiwa na mimba na baada ya kujifungua. Nianze na kliniki yenyewe. Mama akija mara ya kwanza tunampima presha, tunachukua damu kuangalia wingi wake, kundi lake, kaswende na virusi, tunaomba mkojo, tunamshika tumbo, na kila kitu kinaingia kwenye kitabu cha mama na mtoto. Siku ya kujifungua tunakagua damu inayomtoka, kondo na joto la mwili. Wiki ya sita anarudi na mtoto kwa chanjo, kisha wiki ya kumi, kisha ya kumi na nne. Mtoto anavuliwa nguo, anawekwa kwenye mizani, anadungwa, analia, anaandikiwa tarehe ya kurudi. Mama aliyempakata ndani ya matatu tangu Mishomoroni, akakaa benchini asubuhi nzima, anaondoka bila kuulizwa lolote linalomhusu yeye mwenyewe, isipokuwa amechagua njia gani ya kupanga uzazi.

Hatumuulizi kwa sababu wengi wetu hatukufundishwa kuuliza, na wale waliodokezewa kidogo darasani hawajui wafanye nini na jibu. Hilo la pili ndilo linalotufunga midomo. Mkunga akimuuliza mzazi kama amewahi kutamani asiamke, na mzazi akasema ndiyo, foleni nje ina watu arubaini na simu ya kumpigia mtu haipo. Basi ni salama zaidi kutouliza. Ombi langu kwenu ni kwamba wakunga wa Mombasa waandaliwe, tena waandaliwe kikweli, kuitazama akili ya mama tangu mimba hadi mtoto atimize mwaka, na wapewe pa kumpeleka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani kote mama 13 hivi katika kila 100 waliojifungua hupata maradhi ya akili, hasa sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Kwa nchi zinazoendelea makadirio yanafika karibu 16 katika 100 wakati wa mimba na karibu 20 baada ya kujifungua. Chukueni benchi la chanjo la kituo chochote, Kongowea, Mlaleo, Mrima au Mikindani, siku wamekaa wazazi thelathini. Kwa makadirio hayo sita kati yao ni wagonjwa, na wanarudi nyumbani na ugonjwa wao, kitabu kikiwa kimepigwa muhuri.

Tena nchi hii inahesabu vifo vya wazazi: sensa ya 2019 ilitupa vifo 355 kwa kila vizazi hai 100,000. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012 unasema mama akijiua akiwa na mimba au ndani ya siku 42 baada ya kujifungua, kifo hicho kihesabiwe kuwa kifo cha uzazi, sawa na cha aliyemwaga damu. Mimi sijawahi kuona kikao cha kukagua kifo cha mama kikiitishwa kwa ajili ya mzazi aliyejiua nyumbani mtoto akiwa na wiki tano. Uingereza, ambako damu na kifafa cha mimba vimedhibitiwa sana, ripoti za vifo vya wazazi zinataja kujiua kuwa sababu kubwa kuliko zote ya vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi, kati ya wiki sita na mwaka mmoja baada ya mimba kwisha. Tukifanikiwa kuzuia damu, kama tunavyojitahidi, hicho ndicho kinachotungoja mbele.

Najua hoja itakayokuja, maana huisikia hata kwa wenzangu tukinywa chai: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna arubaini. Arubaini nimelelewa nayo na siibezi. Mzazi anakandwa kwa maji moto, anafungwa mkaja, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anachukuliwa usiku ili mamake alale, na yupo bibi mmoja mwenye jicho la kuusoma uso wa mzazi. Ukimuuliza daktari wa akili mzazi ahitaji nini atakutajia karibu hayo hayo: usingizi, chakula, mikono ya kusaidia, mtu wa kusema naye. Lakini tazameni leo nani anaipata. Binti aliyetoka Kitui au Kakamega kuja kutafuta kazi anakaa chumba kimoja kule mtaa wa Bangladesh, Jomvu. Mumewe ni kibarua wa bandarini. Hana shangazi wala wifi mji huu. Siku ya nne baada ya kujifungua yuko kwenye foleni ya maji na mitungi miwili. Hata mwenyeji wa Mji wa Kale, mume yuko melini au Saudia, na mama mzazi aliyepaswa kumkanda naye yuko Doha akilea watoto wa watu. Arubaini yataka watu nyumbani, na watu wametawanyika.

Tena kwa uzuri wake wote, arubaini huficha. Mzazi yumo ndani, wageni wanaokuja wanamtazama mtoto, na siku anapoanza kusema maneno yasiyoeleweka, nyumba hufunga mlango kwanza. Ni jini, ni husuda, ni jicho la fulani aliyeleta zawadi akachelewa kusema mashaallah. Sisemi kisomo kisisomwe. Mwenye malaria husomewa na dawa akameza. Kinachoniuma ni siku zinazopotea katikati.

Siku hizo zina uzito tofauti kulingana na kilichomshika mzazi. Wazazi wengi, zaidi ya nusu, hulialia siku ya tatu au ya nne, hukasirika kwa jambo dogo, kisha ndani ya wiki mbili hali hupoa yenyewe kwa mapumziko na maneno mema. Huyu hahitaji dawa. Sonona huvuka hizo wiki mbili, na yaweza kuwa ilianza mimba ikiwa changa: mama haoni raha ya chochote, halali hata mtoto akilala, anajiona hafai kuitwa mama. Mara nyingi haji kwetu na kilio. Anakuja na kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, maziwa hayatoki. Tunampa panadol. Wa tatu ni yule anayeshikwa na wazimu wa uzazi, mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000, na humwanza ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Halali na wala haonekani kuchoka, anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa. Saa mbili mzima, saa nne si yeye. Huyo ni wa dharura, na anatakiwa awe mikononi mwa daktari siku hiyo hiyo. Mkunga asiyefundishwa huwachanganya wote watatu: wa kwanza anamtisha, wa pili anamwambia amshukuru Mungu, wa tatu anamruhusu aende nyumbani.

Cha ajabu ni kwamba sheria yetu inalijua jambo hili kuliko kliniki zetu. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mwanamke akisababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12, na ikathibitika akili yake ilikuwa imeyumba kwa sababu hajapona na uzazi au kwa kunyonyesha, atachukuliwa kama aliyeua bila kukusudia. Hakimu anaruhusiwa kuuona ugonjwa huo mtoto akishazikwa. Mkunga, aliyekuwa na mama huyo benchini wiki ya sita, hakupewa hata swali moja la kumuuliza. Na wazazi bado wanaogopa kusema wamewaza kujidhuru, wakidhani watapelekwa polisi, ilhali Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba. Wangapi kati yetu wafanyakazi wa afya tumeambiwa hilo rasmi?

Sasa nije kwenye mafunzo, maana hapo ndipo pesa hupotea.

Pakistani, katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa elimu ya sekondari wasio madaktari wala wauguzi, namna ya kuzungumza na mjamzito mwenye sonona: kumsaidia aone mawazo yanayomzamisha, apange siku yake, ashirikishe watu wa nyumbani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, mama 23 katika 100 waliotembelewa na wahudumu hao bado walikuwa na sonona. Katika kundi la pili walikuwa 53. Na hili ndilo ninaloomba mlisome mara mbili: kundi la pili nalo lilitembelewa, mara zile zile, na wahudumu wa aina ile ile, ila hawa hawakupewa yale mafunzo. Ziara zilikuwa sawa. Kilichotofautiana ni alichojua mgeni aliyebisha hodi. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliutoa mpango huo kuwa mwongozo, 2015, na yeyote anaweza kuutumia. Hapa nyumbani, Kaunti ya Makueni imeshuhudia wauguzi na maafisa wa kliniki wa vituo vya kawaida wakifundishwa kutumia mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa wa akili, kuhudumia wagonjwa wa akili, kwa kazi ya Profesa David Ndetei na wenzake. Makueni si mbali. Mtu aweza kwenda akauliza.

Kwa hiyo tafadhali msituitie semina ya siku moja kwenye hoteli ya ufuo wa Nyali, slaidi themanini, bufee, cheti, picha ya pamoja. Tumezihudhuria nyingi. Vyeti ninavyo, na samaki alikuwa mzuri.

Mafunzo ninayoyaomba yafanyike kituoni, kwa awamu, na yaanze na jambo ambalo hakuna slaidi inayolifundisha: namna ya kumpata mama peke yake. Maswali yenyewe yapo. Yale kumi ya Edinburgh, ya kupimia sonona ya mzazi, yametumika tangu 1987, yapo kwa Kiswahili, yanauliza siku saba zilizopita zilikuwaje, na la mwisho linauliza wazo la kujidhuru. Dakika kumi yamekwisha. Lakini mama amekuja na mavyaa wake, chumba kina vitanda viwili na pazia, na mavyaa ndiye anayejibu. Mkunga anatakiwa azoee kusema, "Bi mkubwa, tungoje hapo nje kidogo, nimpime mwanetu," kwa heshima inayomfanya bi mkubwa ainuke mwenyewe. Hilo hujifunzwa kwa kuigiza, wenzako wakikutazama, ukirudia hadi lilainike. Kisha ajue pa kuanzia. Kwa uzoefu wangu pa kuanzia ni usingizi: "Mwanangu, usiku walala?" Hakuna mzazi anayeona aibu kujibu hilo. Halafu anyamaze angoje, na kunyamaza kwetu sisi ni kazi ngumu, kwa kuwa tumezoea kupaaza sauti leba.

Nikitaja leba siwezi kupita kimya. Mama aliyetukanwa au kupigwa mapaja wakati wa kusukuma huondoka na jeraha ambalo hatulishoni. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpa mama mmoja wa Bungoma fidia ya shilingi milioni 2.5, baada ya kujifungulia sakafuni hospitalini na kudhalilishwa na wauguzi. Hukumu hiyo ingesomwa darasani kwa kila mwanafunzi wa ukunga kabla hajavaa glavu. Hatuwezi kufundishwa kuuliza "Wajisikiaje moyoni?" huku sisi wenyewe ndio tuliouvunja moyo huo wiki sita nyuma.

Yuko pia mama aliyezaa mtoto mfu. Katika wodi nyingi analazwa kitanda kilichopakana na cha mwenye kichanga, kwa kuwa ndicho kitanda kilichopo. Usiku kucha anasikia watoto wa wenzake, na maziwa yake yanatoka. Anayeingia kufagia anamuuliza amepata nini, mvulana au msichana. Kuna mambo ya kufanya hapa ambayo hayahitaji hata senti: alama mlangoni au kwenye faili ili kila anayeingia ajue, pembe ya wodi iliyo mbali kidogo, mama kuulizwa kama angependa kumshika mwanawe kabla ya mazishi, kuelezwa namna ya kukausha maziwa, na tarehe ya kurudi, maana yeye hana chanjo ya kumrudisha kwetu. Kliniki ya wiki ya sita inamuona mwenye mtoto. Asiye na mtoto hupotea kabisa kwenye vitabu vyetu.

Mambo ya damu na dawa nitayapitia haraka, mnao wataalamu. Mkunga ajue kwamba upungufu wa damu na hitilafu ya tezi ya shingo baada ya uzazi vyaweza kufanana na sonona, kwa hiyo apime kabla ya kuhukumu. Ajue zipo dawa za sonona, sertralini ikiwa mojawapo, ambazo mama hutumia akiendelea kunyonyesha. Wengi huambiwa waache titi au waache dawa, nao huacha dawa. Na ajue kumuuliza kila mwanamke wa umri wa kuzaa kama anameza valproate, iwe kwa kifafa au kwa maradhi ya akili, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Asimwachishe ghafla, ampeleke kwa daktari abadilishiwe.

Ampeleke wapi? Hapo ndipo kila mafunzo hufia. Mkunga wa Likoni akimpata mzazi aliyeshikwa na wazimu wa uzazi saa tatu usiku, anampigia nani? Anavuka na feri naye vipi, mtoto kabebwa na nani? Wodi ya akili iko Port Reitz, hospitali kuu iko Makadara, na wodi za akili hazikujengwa zikimfikiria mama anayenyonyesha, hivyo jambo la kwanza linalotokea ni mama na mtoto kutenganishwa. Nataka cheo na nambari ya simu, moja kwa kila kaunti ndogo zote sita, ibandikwe ukutani kando ya ile chati ya kuzuia damu. Nataka muuguzi wa magonjwa ya akili atembelee kila kituo mara moja kwa mwezi, aketi nasi tumweleze tuliowaona na tulipokwama. Wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba na simu walipozinduliwa 2023, wanaingia nyumba ambazo sisi hatufiki. Wafundishwe dalili tano sita na wajue mkunga wa kumwambia.

Vyuo navyo nina neno navyo. Mwanafunzi wetu hupelekwa wodi ya maradhi ya akili kwa wiki chache, huko anakutana zaidi na vijana walioharibiwa na unga, kisha anapelekwa wodi ya uzazi kana kwamba ni nchi nyingine. Hakuna anayemwonyesha kwamba mgonjwa wa wodi ile yaweza kuwa mzazi wa wodi hii. Wekeni kituo kimoja cha mtihani wa vitendo ambapo mwanafunzi anakutana na mzazi asiyelala, na asipomuuliza asipite. Wanafunzi husoma kinachotahiniwa. Nasi tulikuwa hivyo hivyo.

Na sisi wenyewe je? Mkunga akimpoteza mama mikononi mwake saa kumi alfajiri, saa moja anakabidhi zamu, na kikao kinachofuata ni cha kuuliza nani alifanya nini saa ngapi. Kikao hicho kina haki yake. Lakini hakuna mtu anayemuuliza mkunga huyo kama yeye naye usiku alilala. Ninao wenzangu waliohama kada, wengine wakahama nchi kwa jambo hili zaidi ya mshahara. Mwataka tubebe mioyo ya watu, tubebeni kidogo.

Mheshimiwa Waziri, ninachokuomba kwanza ni mstari mmoja kwenye makadirio ya mwaka ujao wa fedha, wenye jina la kazi hii, usiofichwa ndani ya "kujenga uwezo". Wajumbe wa Kamati ya Afya, mwulizeni Waziri mbele ya watu ni vituo vingapi vya Mombasa vinamuuliza mama yale maswali kumi leo, na mzazi wa dharura usiku anapelekwa wapi. Makadirio hufikishwa kwenu kabla ya tarehe 30 Aprili, kisha umma huitwa kutoa maoni. Wakunga tusio zamu siku hiyo tutakuja, na tutautafuta mstari huo ukurasa kwa ukurasa.

Wenu katika kazi,
Mkunga, Kisauni